Mashine Haijafa, Acheni Kuizika

Jamani, nimechoka na wimbo huu hapa Migwani: "Kompyuta yako imezeeka, tafuta nyingine." Imezeeka kwa hesabu ya nani?

Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0 na prosesa ambazo laptopu nyingi za mitumba hazina. Basi mafundi wetu wanafanya nini? Wanaweka Windows ya wizi kutoka kwa flashi iliyojaa virusi, wanatoza pesa, halafu wanasema ni ya bure!

Bure ya halali ipo. Linux Mint, LibreOffice na Firefox zinatosheka na RAM ya GB 4. Barua, CV, eCitizen, zote zinafanyika humo. Ndiyo, kuna printa zitakazosumbua, na faili za Excel zenye makro huenda zikagoma. Hiyo si sababu ya kutupa mashine nzima.

Eti Linux ni ya wataalamu? Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux, na mama mboga anaitumia kila siku. Eti ni ya Wazungu? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004.

Kwa hivyo fundi, kabla hujamwambia mzazi auze mbuzi anunue laptopu, chomeka flashi ya Linux, iwashe bila kufuta kitu, umwonyeshe. Akiikataa, sawa. Lakini achague mwenyewe.