Vitabu vya roboti navyo viandikwe kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu hii ya wasomaji nitoe dukuduku langu kuhusu vitabu vya picha vya watoto.

Mjukuu wangu ana miaka mitano, na tangu mwaka jana hana habari na kitu kingine ila roboti. Maboksi ya dawa ya meno hayatupwi tena nyumbani. Yote yamekuwa vichwa na miguu. Shuleni alichora roboti katika daftari la hesabu, akakaripiwa na kuambiwa aache upuuzi. Mimi nikamtafutia kitabu cha picha, nikapata kimoja kilichokwisha tumika, cha Kiingereza. Kila jioni tunakaa barazani, yeye akifunua kurasa nami nikimsimulia kwa Kiswahili. Nikikosea nilichosema jana, hunisahihisha.

Siku moja akaniuliza: "Babu, roboti akija atachukua kazi ya baba?" Baba yake anafunga maboksi kiwandani.

Wazee wenzangu, hilo si swali la kitoto. Neno lenyewe roboti lilianzia katika mchezo wa kuigiza wa mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, uliochapishwa mwaka 1920. Limetokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shuruti, ile waliyofanyishwa wakulima na mabwana wenye ardhi. Kwa hiyo tangu mwanzo swali ni lile lile: nani anafanya kazi, na nani anafaidi?

Nilimjibu kwamba roboti haiji yenyewe. Inatengenezwa na mtu, na mtu ndiye anayeamua ifanye nini. Nikamsimulia habari za jirani zetu wa Kongo: mwaka 2013 roboti kubwa za kuongoza magari ziliwekwa katika barabara za Kinshasa, zikitumia nguvu ya jua. Aliyezibuni ni mhandisi mwanamke, Mkongo, Thérèse Izay Kirongozi. Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tumchore huyo mama." Katika kitabu chetu hayumo mtu kama yeye.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Hadithi za sungura na fisi tunazipenda, na ziendelee. Lakini mtoto anayeuliza habari za mashine naye ajibiwe kwa lugha yake. Kumpa simu atazame si kumjibu, kwani simu haingoji aulize. Nawaomba wachapishaji, waandishi na wachoraji watutolee vitabu vyembamba, vyenye picha kubwa na maneno machache, kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaimudu. Walimu nao, mtoto akichora, wamuulize amechora nini kabla ya kumkaripia. Na sisi tusio na kitabu tuchukue karatasi na kalamu, tuchore pamoja nao.

Mtoto anayedhani kwamba roboti ni kitu cha kuletwa tu na wageni atakua akiziogopa. Anayejua kwamba hutengenezwa na watu kama mama yule atataka kujua zinaundwaje. Pengine huyo ndiye atakayekuwapo siku ya kuamua zitumikeje, ili baba wa mwenzake asikose kazi.



Babu Msomaji,
Tanga.