Mstari wa Tatu Njo Unashika Mchezo



Mwezi huu tuzungumze juu ya mchezo ambao wengi wetu hatujauona kwa macho: hoki ya barafu. Musifunge gazeti kwanza! Ndani ya mchezo huu kuko jambo linalomgusa kila kijana anayenuna kocha asipomuweka kati ya wale wa kwanza.

MCHEZO WENYEWE

Hoki hii inachezwa sana kule Canada, Marekani, Urusi na Sweden. Uwanja ni barafu tupu, urefu metre 61, upana metre 26 hivi. Wachezaji wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini, sawa kisu, na wanateleza mbio sana. Kila mmoja ana fimbo ndefu iliyopinda kwa ncha. Hawapigi mpira wa kuviringika, wanapiga kisahani cha mpira mgumu, kizito gramu 170 hivi. Kila ekipe ina watu 6 juu ya barafu: mlinda goli, wawili wa nyuma na watatu wa mbele. Mchezo ni dakika 60, umegawanywa mara tatu.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika mpira wa miguu, mtu anaweza kumaliza dakika 90 kwa sababu kuko wakati anatembea, anapumua. Katika hoki hakuna kutembea. Hata dakika moja haijaisha, miguu inawaka moto. Kwa hiyo mchezaji wa mbele anabaki juu ya barafu sekunde 45 hivi, kiisha anakimbilia benchi, na mwenzake anaruka ukuta mdogo na kuingia. Mchezo hausimami. Na yule aliyetoka atarudi, tena mara mingi.

Njo maana ekipe kwa kawaida inavalisha wachezaji 12 wa mbele, watatu watatu. Kila watatu wanaitwa mstari. Kwa hiyo kuko mistari 4. Ninyi watu wa migodi mutafahamu mbiyo: ni kazi ya posti. Watu wa posti moja wanatoka, wa posti ingine wanaingia, na mashini haisimami.

Mstari wa kwanza ni wa mafundi, wale wenye majina makubwa. Wa pili nao unafunga goli. Je, wa tatu na wa nne? Watu wanasema, "Bale banajaza benchi tu." Ni uongo. Pigeni hesabu. Kama mafundi wanacheza dakika 20, ni nani anacheza zile 40 zinazobaki?

HABARI YA TAMPA

Kule Marekani, katika jimbo la Florida, kuko ekipe inaitwa Tampa Bay Lightning. Inacheza katika ligi kubwa ya NHL. Katika msimu wa 2018-2019 ilishinda michezo 62 kwa 82. Mafundi wake watatu, Steven Stamkos, Brayden Point na Nikita Kucherov, kila mmoja alifunga goli zaidi ya 40. Watu wengi walisema Kombe la Stanley tayari liko nyumbani kwao.

Kiisha mashindano ya kombe yakaanza, mwezi wa 4. Tampa ikakutana na Columbus, ekipe iliyoingia kwa shida. Columbus ikawapiga mara 4 mfululizo, mambo yakaisha. Ni kweli, mlinzi wao mkubwa Victor Hedman alikuwa ameumia, na Kucherov alizuiliwa mchezo mmoja. Lakini angalieni hesabu hii: wale mafundi watatu, wote pamoja, walipata goli 2 tu katika michezo ile 4. Adui akifunga mlango wa mbele, nyumba inahitaji mlango mwingine.

Katika mwezi wa 2, mwaka 2020, wakubwa wa Tampa wakaenda sokoni. Watu walifikiri wataleta jina kubwa. Hapana. Walileta Blake Coleman, mwana wa Texas, jimbo la joto, na Barclay Goodrow, ambaye msimu ule alikuwa na goli 8 tu. Kwa kila mmoja walitoa nafasi ya kuchagua kijana bora katika zamu ya kwanza, na kwa Coleman wakaongeza tena kijana mmoja. Watu wakashangaa: bei hii yote kwa watu wa mstari wa tatu?

Wale wawili wakawekwa pamoja na Yanni Gourde, mzaliwa wa Quebec, mtu mfupi wa metre 1,75. Gourde na Goodrow, siku vijana wanachaguliwa na ekipe za NHL, hakuna hata ekipe moja iliyowataja. Gourde alipitia ligi ndogo ndogo miaka kadhaa mbele ya kupata nafasi.

KAZI YAO NJO GANI?

Mara mingi kocha Jon Cooper aliwatuma watatu hawa mbele ya mafundi wa adui. Kazi yao ilikuwa kukimbiza kisahani kwenye kona, kugongana na adui ukutani, kuweka mwili mbele ya kisahani kinachoruka kama jiwe. Tena mwenzao akipata azabu na kutolewa dakika 2, wao wanaingia kulinda, watu 4 mbele ya 5. Kazi kama hii haiandikwi sana katika gazeti. Lakini wakati wanaifanya, mafundi wako benchi wanapumua, na adui anachoka.

Tarehe 11 mwezi wa 8, 2020, Tampa ilikutana tena na Columbus ile ile, Toronto, bila watazamaji kwa sababu ya corona. Dakika 60 zikaisha 2-2. Wakaongeza vipande vya dakika 20, mpaka kipande cha tano. Point alifunga goli la ushindi wakati mchezo umepita dakika 150! Seth Jones, mlinzi wa Columbus, alikuwa amecheza zaidi ya dakika 65. Fikirini, ekipe yenye mistari miwili ya kweli ingefika pale na miguu gani?

Tampa ikapita, na mwezi wa 9 ikapata kombe mbele ya Dallas. Katika mchezo wa mwisho ilishinda 2-0. Goli la kwanza, Point. La pili, Coleman. Kapiteni Stamkos alikuwa ameumia. Katika mashindano yote alicheza chini ya dakika 3. Lakini ekipe haikuanguka.

Mwaka 2021 ikawa vile vile. Tarehe 25 mwezi wa 6, mchezo wa saba na New York Islanders, anayeshindwa anarudi nyumbani. Tampa ilikuwa na mtu mmoja pungufu kwa sababu ya azabu. Gourde, yule asiyechaguliwa, akafunga. Mchezo ukaisha 1-0. Siku tano nyuma, katika fainali na Montreal, Goodrow alimpa Coleman kisahani, Coleman akajitupa kwa tumbo na kukisukuma golini, kipande cha pili kikiwa karibu sana kuisha. Na tarehe 7 mwezi wa 7, goli moja tu lilileta kombe la pili. Alilifunga Ross Colton, kijana mgeni wa mistari ya chini.

BEI YAKE

Je, mafundi hawana maana? Si vile. Point alifunga goli 14 katika mashindano ya kombe ya 2020. Bila yeye hakuna kombe. Mstari wa tatu haukai pahali pa ule wa kwanza. Unafanya ule wa kwanza uweze kufika mwisho na nguvu.

Lakini NHL ina sheria: mishahara ya ekipe haipite kiasi fulani. Wakati ule kilikuwa dola milioni 81 na nusu. Pesa mingi ilikuwa kwa mafundi. Katika mwezi wa 7, 2021, mstari ule ukavunjika wote. Ekipe mpya ya Seattle ikamchukua Gourde, Goodrow akaenda New York Rangers, Coleman akaenda Calgary, na hawa wawili wakapata mikataba ya miaka 6. Kumbe wengine walikuwa wanaangalia kazi yao. Mwaka 2022 Tampa ilifika tena fainali, ikashindwa na Colorado. Katika mwezi wa 3, 2025, ilimrudisha Gourde pamoja na wengine, ikatoa tena nafasi mbili za zamu ya kwanza. Yule ambaye zamani hakuna aliyemtaja, sasa anafuatwa kwa bei kubwa.

Kijana, kama kocha anakuweka mstari wa tatu, usiende kukaa na uso wa hasira. Uliza: kazi yangu hapa njo gani, na nitaifanya ginsi gani mpaka wale wa mbele wapumue? Na ninyi wakubwa wa ekipe, musingoje siku ya kuondoka kwao ndipo muwashukuru.

TUZUNGUMZE NYUMBANI

1. Katika ekipe ya mtaa wetu, ni nani anafanya kazi ngumu na jina lake halitajwi?
2. Kwa nini Tampa ya 2019, yenye mafundi wengi, ilianguka mbiyo?
3. Baba na mama, mtoto akirudi na kusema, "Banaliniweka kwa benchi," tumjibu nini?