Anayeomba Fedha za Safari ya Bahari Atuonyeshe Daftari

Je, ni haki mtu mmoja kuuomba umma fedha ili akapige kafi baharini maelfu ya maili, na hali kuna zahanati zisizo na dawa na watoto wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa karo? Swali hili hurudi kila safari za kayaki zinapotajwa. Mtu hujitokeza akatangaza kwamba ataizunguka nchi fulani, au ataivuka bahari kuu peke yake, kisha akawanyoshea mkono serikali, makampuni na watu wa kawaida. Baadhi yetu hucheka na kumwita mwendawazimu. Wengine hutoa bila ya kuuliza. Sisi twaona kwamba wote wawili wamekosea.

Kwa wale wasiokijua chombo hiki, kayaki ni mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, ukaachwa tundu la kuketi mtu. Asili yake ni kwa wenyeji wa Greenland na nchi nyingine za barafu, waliokiunda kwa mbao na mifupa, wakakivika ngozi za wanyama wa bahari, wakawindia. Cha siku hizi huundwa kwa plastiki au kwa faiba. Urefu wake ni kama mita 5, na upana haufiki hata mita moja. Mpigaji huketi akanyosha miguu mbele, akashika kafi moja lenye bapa huku na huku. Hakina tanga wala mashine. Bahari ikiwa shwari, mtu mwenye nguvu huenda kama kilomita 5 au 6 kwa saa.

Kwa mwendo huo, safari ndefu ni ya miezi, pengine miaka. Gharama basi haziishi kwenye mtumbwi. Kuna chakula, maji, vibali, simu ya setilaiti, vyombo vya kujiokolea, na watu wa nchi kavu wa kumfuatilia msafiri asipotee. Ndiyo sababu ni nadra mtu kuyaweza haya kwa mfuko wake mwenyewe.

Bendera ya Mfadhili

Tutazame waliotangulia. Mwaka 1932 Mjerumani aitwaye Oskar Speck, fundi wa umeme aliyekosa kazi wakati dunia imekumbwa na ukata mkubwa, aliingia katika kayaki ya kukunjwa pale Ulm, kwenye mto Danube. Nia yake ilikuwa kufika Kipro akatafute kazi ya migodini. Alipofika hakusita. Aliendelea mpaka mto Furati, akauteremka hadi Ghuba, akapita pwani ya Uajemi na Bara Hindi, Burma na Malaya, na visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Alikata tamaa mara kadhaa, akaugua malaria, akapinduliwa na mawimbi. Miaka 7 baadaye, Septemba 1939, alitia nanga Saibai, kisiwa cha Australia.

Speck aliishi kwa nini? Kiwanda kilichounda kayaki yake kilimpelekea nyingine ya kwanza ilipochakaa. Njiani alihutubia watu na kusimulia safari yake, akapewa chochote. Lakini chombo chake kilipeperusha bendera ya utawala wa Nazi. Alifika Australia vita vimekwisha kuanza, akatiwa kizuizini kama adui hadi vita vilipomalizika. Twajifunza jambo hapa. Mwenye kupokea msaada hupokea na bendera ya aliyemsaidia. Anayetangaza sigara, au chama, au kampuni inayoharibu bahari ile ile anayoipita, asidhani kwamba watu wa bandarini hawaioni bendera hiyo.

Mwanamke wa Australia, Sandy Robson, aliifuata njia ya Speck kuanzia 2011 akamaliza 2016, naye aliigawa safari yake vipande vipande. Huyu alionyesha hekima ambayo waombaji wengi hawana: jambo kubwa si lazima lifanywe kwa pupa.

Na kuna Aleksander Doba, mhandisi wa Poland. Alivuka bahari ya Atlantiki kwa kayaki mara 3: kutoka Dakar hadi Brazili mwaka 2010 hadi 2011, kutoka Lisbon hadi Florida mwaka 2013 hadi 2014, na kutoka Marekani hadi Ufaransa mwaka 2017. Alipofika Ufaransa zilibaki siku 6 tu atimize umri wa miaka 71. Kayaki yake haikuwa ya kawaida. Ilikuwa na urefu wa mita 7, yenye kijichumba cha kulala na mtambo wa kutoa chumvi katika maji. Mzee huyu alifariki Februari 22, 2021 kwenye Mlima Kilimanjaro, muda mfupi baada ya kufika kileleni. Hatuna ila kumvulia kofia. Hata hivyo yafaa tuseme wazi kwamba ushujaa wa mtu ni kitu kimoja, na faida ya umma ni kitu kingine. Ushujaa hupongezwa. Fedha za umma hulipia faida.

Serikali Ilipolipa

Faida hiyo ni ya namna gani? Tupige mfano wa safari iliyolipiwa na serikali. Mwaka 1980 serikali ya Oman chini ya Sultan Qaboos iligharimia kuundwa kwa jahazi lililoitwa Sohar, ili Tim Severin na mabaharia wake, Waomani wakiwemo, waifuate njia ya wafanyabiashara wa Kiarabu wa kale. Jahazi liliundwa Sur bila ya msumari hata mmoja, mbao zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Liliondoka Maskati Novemba 1980 likafika Canton, Uchina, Julai 1981.

Sisi watu wa pwani twaielewa kazi hiyo zaidi ya wengine, kwa maana mitepe yetu ilishonwa hivyo hivyo, na leo iliyobaki kwetu ni mifano ya kutazamwa katika makumbusho. Oman haikutoa fedha ili mtu mmoja aandikwe magazetini. Ilipata kitu: ufundi uliokuwa ukififia ulirudi mikononi mwa watu, kitabu kiliandikwa, na jahazi lenyewe likawekwa Maskati watoto walione. Na baadaye Oman ilirudia, ikaunda jahazi jingine la kushonwa, Jewel of Muscat, ambalo mwaka 2010 lilikwenda hadi Singapore likatolewa zawadi.

Mfano mwingine u mlangoni petu. Hapo Lamu mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda mashua ya mita 9 kwa taka za plastiki, wakaivika vipande vya ndara zilizotupwa, wakaiita Flipflopi. Mapema mwaka 2019 ilitweka kutoka Lamu hadi Unguja, safari ya kama kilomita 500, ikipitia bandari baada ya bandari na kuwafundisha watu juu ya uchafu wa plastiki baharini. Ilisaidiwa na wafadhili, lakini mwenye kuitazama hakuuliza fedha zimekwenda wapi. Alikuwa akiziona zikielea.

Kodi na Mchango

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kuna fedha za namna mbili, na waombaji huzichanganya. Kuna mchango, ambao mtu huutoa kwa hiari yake mfukoni mwake. Kuna na fedha za kodi, ambazo mama muuza mahamri amezilipa pasi na kuulizwa kama anapenda safari za kayaki au hapendi. Mchango ni amana baina ya mtoaji na mpokeaji. Kodi ni amana ya wote, na ndiyo nzito zaidi.

Katiba yetu ya 2010 haikulificha jambo hili. Imeagiza uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma, pamoja na kuwashirikisha wananchi. Imezipa pia serikali za kaunti jukumu la shughuli za utamaduni. Kwa hiyo kaunti ya pwani ikilisaidia jambo la bahari haijavunja sheria. Lakini ikilisaidia kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa mwombaji ni shemeji wa mkubwa fulani, hiyo ni dhuluma.

Na wale wanaosema dawa kwanza, twakubaliana nao. Fungu la dawa lisiguswe hata kwa senti moja. Lakini fungu la utamaduni lipo, nalo lisiishie kwenye mahema, vipaza sauti na biriani ya siku moja. Bahari ni utamaduni wetu pia.

Masharti Matatu

Twatoa rai kwamba yeyote anayeomba fedha za watu kwa safari ya bahari, awe mgeni au mwenyeji, atimize masharti matatu kabla ya kupewa.

La kwanza ni nia. Aseme atawaachia nini watu. Je, atapima miamba ya matumbawe na mikoko inayokatwa? Atawafundisha vijana kuogelea na kuokoa? Au atarudi na picha zake tu? Asiyekuwa na jibu atumie fedha zake, na sisi tutamwombea heri.

La pili ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Aandike kabla ya kuondoka atanunua nini na kwa bei gani. Akirudi, hesabu isomwe mbele ya watu, na kilichobaki kirudishwe au kitolewe kwa shughuli nyingine waliyoikubali watoaji. Na safari ikivunjika njiani? Hilo nalo liandikwe mapema. Siku hizi fedha huchangwa kwa simu kwa dakika chache, na waliochanga hawajuani. Mchango wa zamani ulisimamiwa na wazee waliokuwa wakikutana barazani kila jioni, na mla fedha hakuwa na pa kujificha. Simu haina baraza. Ndiyo maana daftari lahitajika zaidi leo kuliko jana.

La tatu ni usalama. Chombo cha kuzama hakina usukani, lakini hilo si ruhusa ya kwenda bila kujitayarisha. Mtu akipotea baharini hatafutwi na mfadhili aliyeko ofisini. Hutafutwa na wavuvi wanaoacha nyavu zao, na na walinzi wa pwani ambao nchi yetu iliwaundia kikosi mwaka 2018. Dini yetu pia yatukataza kujitia katika maangamizi. Basi mwombaji aonyeshe ana vyombo vya kujiokolea, amejifunza kurudi katika kayaki iliyopinduka, ana vibali vya kupita, na amewauliza wavuvi wa kila mahali kabla ya kuingia majini mwao. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo.

Wetu Wako Wapi?

Twamalizia kwa jambo linalotuuma. Safari zote hizi huandikwa vitabuni kwa majina ya watu wa mbali. Na kijana wa Vanga, wa Gazi, wa Kipini au wa Faza, aliyezaliwa akisikia mawimbi na kujifunza kafi kabla ya kalamu, ni nani aliyewahi kumuuliza angependa kwenda wapi?

Pwani ya Kenya ina urefu wa zaidi ya kilomita 500, kutoka Vanga hadi Kiunga. Kundi la vijana wanaopiga kafi kilomita 30 kwa siku wangeimaliza kwa muda wa kama siku 20, bila ya kuhesabu siku za mapumziko. Wakingojea maleleji, wakati upepo umetulia baina ya kaskazi na kusi, bahari haitawasumbua sana. Huko kaskazini karibu na mpaka watahitaji kibali cha wenye dhamana ya usalama, na wasipokipata wataishia Lamu, si aibu.

Kila wanapolala wangeketi na manahodha wazee, wakaandika majina ya miamba, milango, mikondo na nyota ambazo vyombo vilifuata kabla ya dira za kisasa. Elimu hiyo haimo katika vitabu vya shule. Imo vifuani mwa watu ambao kila mwaka twawazika. Daftari hilo lingegawanywa mashuleni, na fedha ya umma ingekuwa imelipia kitu ambacho hakinunuliki tena wakishaondoka wenyewe.

Kwa hiyo twaziomba kaunti za Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu zitenge fungu dogo la pamoja kwa safari za bahari, zitangaze wazi, na kila mwombaji apimwe kwa masharti yale yale matatu. Mgeni akiyatimiza naye asaidiwe, maana bahari haina mwenyewe. Lakini mcheza kwao hutunzwa. Na vijana nao tunawausia: msingoje kuitwa. Andikeni nia yenu, pigeni hesabu zenu, waulizeni wazee wenu juu ya pepo. Mkija na daftari mkononi, hatutakuwa na sababu ya kuwacheka, na wenye fedha za umma hawatakuwa na udhuru wa kuwanyima.