Kwotabeki na kocha wake: Uamuzi mmoja unaofanywa mara mbili

Klabu ya Chicago Bears ilitumia miaka minane na vijana watatu kabla ya kuoanisha mchezaji wake muhimu kuliko wote na kocha wa kumlea. Yaliyoikuta yanaeleza kwa nini vipaji vingi hupotea katika ligi tajiri kuliko zote duniani.

Katika futiboli ya Kimarekani, hakuna uamuzi unaowanyima usingizi wenye timu kama kumchagua kwotabeki. Huyu ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na, ndani ya sekunde mbili au tatu, kuamua amrushie nani, amkabidhi mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Kiswahili bado hakijampa jina. Huenda "nahodha" lingemfaa, ila nahodha huyu hachori njia ya safari yake. Anayechora ni kocha wa mashambulizi, ambaye humpa maagizo kupitia redio iliyomo ndani ya kofia yake ngumu. Mawasiliano hayo hukatika zikisalia sekunde 15 za kuanza mchezo. Baada ya hapo kijana hubaki na alichofundishwa.

Kwa hiyo kumchagua mchezaji na kumchagua kocha kulipasa kuwe uamuzi mmoja. Katika timu nyingi za ligi hiyo, NFL, ni maamuzi mawili yanayofanywa kwa nyakati tofauti, na mara nyingine na watu wenye hofu tofauti. Meneja mkuu huangalia miaka mitano ijayo, ilhali kocha mkuu aliyepoteza mechi nyingi huangalia Jumapili ijayo.

Chicago: Vijana watatu, mkosi mmoja

NFL ina timu 32. Kila Aprili timu hizo huchagua wachezaji kutoka vyuo vikuu, na iliyofanya vibaya zaidi huchagua kwanza. Mwaka 2017 Chicago ilikuwa na nafasi ya tatu, lakini iliipa San Francisco nafasi tatu za ziada ili isogee hatua moja tu, hadi ya pili, na kumchukua Mitchell Trubisky. Patrick Mahomes, aliyechaguliwa wa 10 na Kansas City, amekuja kutwaa ubingwa mara tatu.

Simulizi hiyo husemwa kana kwamba kosa lilikuwa jicho bovu la kuchagua. Jicho lilichangia, lakini tazama pia mazingira ya vijana hao wawili. Mahomes alimkuta Andy Reid, mwalimu wa mashambulizi mwenye uzoefu wa miaka mingi, na mwaka wake wa kwanza karibu wote alikaa benchi akijifunza nyuma ya mkongwe Alex Smith. Trubisky alimkuta John Fox, kocha aliyebobea katika ulinzi, ambaye alifutwa kazi msimu ulipomalizika. Mwaka wa pili akaletewa Matt Nagy na lugha mpya ya mchezo. Timu ilishinda mechi 12 mwaka 2018, lakini maendeleo yake mwenyewe yalikwama, na baada ya msimu wa 2020 akaondoka.

Mwaka 2021 hali ikajirudia. Meneja na kocha waliokuwa ukingoni mwa kupoteza kazi walitoa chaguo lao la kwanza la mwaka uliofuata ili wampate Justin Fields. Januari 2022 wote wawili walifutwa, na Fields akabaki mikononi mwa watu ambao hawakumchagua: meneja mpya Ryan Poles, na kocha mkuu Matt Eberflus, naye pia mtu wa ulinzi. Machi 2024 aliuzwa Pittsburgh kwa malipo madogo.

Mwezi uliofuata Chicago ilikuwa na chaguo la kwanza kabisa, ikamchukua Caleb Williams. Kocha mkuu alibakishwa, ila kocha wa mashambulizi alibadilishwa: Shane Waldron aliajiriwa Januari, akafutwa Novemba. Wiki hazikutimia tatu, Eberflus naye akaondolewa. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya klabu hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1920, kumfuta kocha mkuu katikati ya msimu. Thomas Brown, aliyekuwa amerithi nafasi ya Waldron, akawa kaimu kocha mkuu. Katika msimu wake wa kwanza, Williams alipokea maagizo ya watu wawili, akapoteza mechi 10 mfululizo, na kuangushwa na wapinzani mara 68. Wahenga walishasema: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kuangushwa huko si takwimu tu. Baadhi ya wasomaji wa ukanda wetu huenda wanamkumbuka Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Alipoichezea New York Giants, sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kumwinda kwotabeki wa upande wa pili. Wanaoifanya kazi hiyo aghalabu huwa na uzito wa zaidi ya kilo 110 na mbio za kutisha. Kijana anayeangushwa mara 68 huanza kuwatazama wanaomjia badala ya wenzake anaopaswa kuwarushia, na mazoea hayo ni magumu kuyaacha.

Saa ya fedha

Kwa nini basi timu haziwapi vijana muda? Jibu moja ni fedha. Mkataba wa mchezaji mpya hupangwa kwa kanuni, si kwa mabishano. Williams alisaini miaka minne kwa takriban dola milioni 39.5 kwa jumla. Mwaka huohuo Dak Prescott wa Dallas alipata mkataba wa wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka mmoja. Kwa kuwa kila timu ina kikomo cha mishahara, dola milioni 255.4 mwaka 2024, kwotabeki kijana huiachia timu fedha za kununua wachezaji wengine bora. Nafuu hiyo hudumu miaka minne au mitano. Mwaka mmoja ukipotea kwa kocha asiyefaa, robo ya nafuu imekwenda, na ndipo haraka huzaa kosa jingine.

Jibu la pili ni ugumu wa kumjua kocha bora. Timu zinazotafuta makocha hukimbilia wasaidizi wa timu zinazoshinda, lakini ni nani hasa aliyeleta ushindi? Nagy alitoka kwa Reid akiwa na sifa tele, na Chicago ikagundua kwamba Reid mwenyewe hakuja naye. Mrithi wake huko Kansas City, Eric Bieniemy, alitwaa ubingwa mara mbili akiwa kocha wa mashambulizi, akahojiwa na timu nyingi, na hakuna iliyompa ukuu. Hoja iliyosikika mara kwa mara ilikuwa kwamba kazi ile ni ya Reid. Hoja iliyomzuia Bieniemy haikumzuia Nagy, na wakosoaji wanaolalamikia uchache wa makocha wakuu weusi katika ligi hiyo hawajaacha kuuliza kwa nini.

Je, lazima kocha mkuu awe mtu wa mashambulizi?

Wengi sasa wanaamini hivyo. Hoja yao ni nzito: kocha mkuu akiwa mtu wa ulinzi na msaidizi wake wa mashambulizi akang'ara, timu nyingine humnyakua. Atlanta ilifika fainali ya msimu wa 2016 ikiongozwa na Dan Quinn, mtu wa ulinzi, huku Kyle Shanahan akipanga mashambulizi. Baada ya fainali hiyo Shanahan akaenda San Francisco kuwa kocha mkuu, na mashambulizi ya Atlanta hayakurudia makali yale.

Hata hivyo, Quinn huyohuyo anaipinga kanuni hiyo. Mwaka 2024 alipoanza kazi Washington, alimleta Kliff Kingsbury kupanga mashambulizi, na miezi michache baadaye timu ikamchagua Jayden Daniels. Wote watatu walianza pamoja. Washington ilishinda mechi 12 na kukaribia fainali kuu kwa hatua moja. Majeraha yalimweka Daniels nje mechi nyingi mwaka 2025, na hakuna kocha anayeweza kuyapangia hayo. Lakini msimu ule wa kwanza ulionyesha kwamba kinachopimwa si asili ya kocha mkuu, bali kama watu hawa wamechaguana na wana muda sawa wa kushindwa na kujirekebisha.

Ushahidi mwingine unatoka kwa waliokwisha kutupwa. Jared Goff alichaguliwa wa kwanza mwaka 2016, akaachwa na Los Angeles Rams mwaka 2021, kisha akafufuka Detroit kwa mipango ya Ben Johnson. Sam Darnold, aliyechaguliwa wa tatu mwaka 2018, alishindwa New York, akashinda mechi 14 akiwa na Minnesota mwaka 2024, na Februari 2026 akatwaa ubingwa na Seattle. Kipaji chao hakikuzaliwa upya. Kilipata watu wa kukitumia.

Funzo la Chicago

Januari 2025 Chicago ilimwajiri Johnson huyo kuwa kocha mkuu na mpanga mashambulizi kwa pamoja. Kocha aliyetamaniwa na timu nyingi alikubali kazi hiyo akijua ni kijana gani anayemkuta. Klabu pia ilileta wachezaji watatu wapya wa katikati ya ukuta wa kumkinga Williams, kwa hiyo si haki kumpa kocha sifa zote. Msimu wa 2025 ulimalizika kwa ushindi wa mechi 11 na ubingwa wa kundi lao, na idadi ya kuangushwa kwa Williams ilishuka hadi chini ya nusu.

Msimu mmoja hauthibitishi yote, kama Washington inavyojua. Wapinzani watausoma mpango wa Johnson, na ifikapo siku ya mkataba mkubwa wa Williams, nafuu ya fedha itaisha. Lakini kijana huyo anaingia msimu unaofuata akiwa na kocha yuleyule na lugha ileile ya mchezo. Trubisky alilazimika kujifunza upya mwaka wake wa pili, na Fields pia.

Kwa timu zitakazochagua kwotabeki katika miaka ijayo, swali la kwanza lisiwe kijana yupi ana mkono wenye nguvu zaidi. Liwe hili: nani atamfundisha, na je, mwalimu huyo atakuwapo mwaka wa pili? Klabu isiyo na jibu ingefaa iuahirishe uamuzi wake, kwa sababu gharama ya kukosea hailipwi na meneja peke yake. Hulipwa pia na kijana wa miaka 22 ambaye hakuichagua timu hiyo.