Radi Haiko Batri: Pesa ya Mchango Inunue Paratoneri



Tumeshika kalamu juu ya maneno yanayozunguka shuleni tangu mwanzo wa trimestri hii. Wote mnajua kwamba pesa ya mchango iko katika sanduku la komite. Mnajua pia ile video inayopita toka simu moja mpaka ingine: bwana mmoja anasimamisha mti mrefu wa chuma, anafunga waya kule juu, anaushusha mpaka kwenye kisanduku, na taa inawaka. "Umeme wa bure kutoka hewani!" Sasa wenzetu wanasema: huku kwetu Kivu radi ni ya kila siku, basi tununue mabomba na waya, tusimamishe mlingoti nyuma ya bweni la wavulana, tuache kuharibu macho na tochi. Sisi wa tano Sayansi hatukubali. Tunaomba mtusome mpaka mwisho, halafu Jumamosi kila mtu atapiga kura yake.

Kwanza tuseme kweli: yule bwana wa video hakudanganya kila kitu. Umeme uko hewani, ata siku ya jua kali bila wingu. Mahali pa wazi, ukipanda meta moja toka udongoni unapata tofauti ya volti 100 hivi. Ukipanda meta kumi, volti 1.000. Kule juu sana, pale hewa inapoanza kupitisha umeme vizuri, tofauti na udongo inafika karibu volti 250.000. Mtu akisikia hesabu kama hizi, mate yanamtoka. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko Marekani, Oleg Jefimenko, karibu mwaka 1970 alizungusha kweli vimota vidogo kwa umeme wa namna hiyo, akitumia antena tu.

Lakini volti peke yake haiwashe taa. Inahitaji ampere pia, na hewa ni mlinzi mkali, haipitishe kitu bure. Katika meta mraba moja ya udongo, umeme unaoshuka siku ya kawaida ni kama ampere 2 zilizogawanywa kwa milioni ya milioni. Tuchukue kiwanja chetu cha mupira, meta mraba 7.000 hivi. Tukikamata umeme wote unaokishukia, toka kule juu kabisa mpaka kwenye majani, tusipoteze ata tone, tutapata miliwati 3 na nusu. Taa ya mezani ya wati 5 inataka viwanja kama hivyo zaidi ya 1.400. Na sisi tunagombania kile kimoja na watu wa mupira!

Kuna hesabu ingine iliyotushangaza zaidi. Umeme huu wa hewa tulivu, kwa dunia nzima, bahari na nchi kavu pamoja, ni kama ampere 1.000. Zidisha na volti 250.000: inatoka megawati 250 hivi. Inga ya kwanza, iliyoanza kazi mwaka 1972, mashine zake ziliundwa kutoa megawati 351. Maana yake mbingu nzima ya Mungu, kwa njia hii, haifike ata Inga moja, na ile ndiyo ndogo. Inga ya pili, ya mwaka 1982, ni megawati 1.424. Nguvu iko ndani ya maji yanayoanguka, hapa chini, machoni petu.

"Acheni hewa tulivu," mtatuambia, "sisi tunasema juu ya radi." Vizuri. Kwa radi hatuna mwenye kutushinda, au tuseme mmoja tu. Mwaka 2016 wataalamu waliohesabu radi kwa satelaiti waliandika kwamba ya kwanza duniani ni ziwa Maracaibo katika Venezuela, radi 233 kwa mwaka kwa kila kilometa mraba. Ya pili ni Kabare, radi 205. Ya tatu ni Kampene kule Maniema. Kumbe katika watatu wa kwanza, wawili ni wa Kongo.

Basi tufanye kama tunazikamata zote. Radi moja inakadiriwa kubeba nguvu ya kilowati-saa 280 hivi. Mara 205, inakuwa 57.000 na kitu kwa mwaka mzima, kwa kilometa mraba nzima. Je, mnajua jua la saa sita linachukua muda gani kumwaga nguvu kama hiyo juu ya kilometa ileile? Chini ya dakika nne. Na bado tumewapendelea wenye mlingoti, juu radi nyingi hazifike udongoni, zinapigana zenyewe kwa zenyewe ndani ya mawingu. Zile zinazoshuka, karibu nguvu yote inaishia njiani: inageuka joto, mwanga na ile kelele inayotutoa kitandani. Kwa hesabu yetu mlingoti wa meta 30 ungepigwa labda mara moja au mbili kwa mwaka. Utakaa na kisanduku chako mkononi, unangoja.

Na ikipiga, utaipokea katika nini? Hapa ndipo wenzetu wengi wanapopotea, juu wanafikiri radi ni mto mkubwa wa umeme. Haiko mto. Ampere ni 30.000 na zaidi, kweli, lakini pigo halimalize ata sehemu ya elfu moja ya sekunde. Ukipima umeme wenyewe uliopita, ni kulombu 5, pengine 20. Batri ya simu ya miliampere-saa 3.000 inabeba kulombu 10.800. Ile simu iliyo mfukoni mwako imeshika umeme mwingi kuliko radi mia tano! Tofauti ni kwamba simu inautoa polepole na kwa volti kidogo, lakini radi inamwaga yake yote mara moja, na hakuna batri inayoweza kumeza vile bila kupasuka pamoja na aliyeishika.

Watu walijaribu zamani. Mwaka 1752 Benjamin Franklin alirusha tiara katika dhoruba kule Philadelphia. Mwaka uliofuata, huko Saint Petersburg, mtaalamu Georg Richmann alitaka kupima umeme wa mawingu nyumbani mwake kwa fimbo ya chuma isiyounganishwa na udongo. Radi ilimwua palepale. Angalieni vizuri: fimbo ya chuma juu ya nyumba, waya mpaka ndani, kisanduku chini, na hakuna udongo. Huo ndio mlingoti wa video yetu, sawasawa! Faida Franklin aliyoipata katika ile kazi haikuwa taa. Ilikuwa paratoneri.

Na sasa tunafika kwenye jambo linalotuuma. Mnakumbuka mbuzi watatu wa mlinzi, msimu wa mvua uliopita. Radi ilipiga mkaratusi, haikuwagusa wao, lakini wote watatu walilala miguu juu. Umeme ukiingia udongoni unatawanyika, na volti chini ya miguu ya mbele haiko sawa na ile ya nyuma, kwa hiyo unapanda mguu mmoja na kushukia mwingine, ukipitia moyoni. Ule mkaratusi uko hatua chache tu na bweni la wavulana. Bweni lile ni la mbao, mabati juu, na hakuna ata waya mmoja unaotoka kwenye mabati kwenda udongoni. Tulizunguka nyumba mara mbili tukitafuta. Hakuna.

Katika Uganda, mwezi wa sita mwaka 2011, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya na kuua watoto 18 pamoja na mwalimu wao. Walikuwa darasani, mahali wazazi wao walifikiri ni pa salama.

Tunajua wako watakaosema radi inatumwa na watu. Hatutaki ugomvi na mtu, na katika kitabu cha Ayubu, sura ya 38, tunasoma radi inamsikiliza nani. Lakini ata kwa mwenye kushika mawazo yale tuna jibu: paratoneri haiulize radi imetumwa na nani. Inaipeleka udongoni tu.

Kazi yenyewe haiko ya ajabu. Fimbo za chuma juu ya paa, zikipita kilele. Waya mnene, ishuke pande mbili za nyumba kwa njia iliyonyoka, bila kona kali. Mabati yaungwe nayo. Chini, fimbo ndefu zipigwe ndani ya udongo wenye unyevu, kadhaa zikiungwa pamoja, mbali na mlango ambapo tunapanga mstari asubuhi. Sehemu ya udongo ndiyo kazi kubwa, na ndiyo watu wanapenda kuiba, juu haionekani. Paratoneri isiyoshika udongo vizuri ni ule mlingoti tuliokataa. Kuhusu shaba, wote tunajua mwisho wake: usiku mmoja na imekwisha kuuzwa. Chuma kilichopakwa zinki kinaweza kufanya kazi ileile, ni cha bei ndogo, na wezi hawakipendi sana.

Kwa taa, sisi pia tumechoka na tochi. Pano moja ya jua na batri yake ingetosha kwa chumba cha masomo ya jioni, na trimestri ijayo tutakuwa wa kwanza kutoa mchango. Tumesoma pia kwamba mwaka 2020 wataalamu wa chuo kikuu cha Massachusetts walipata umeme kidogo, nusu volti, katika utando mwembamba sana unaonywa unyevu wa hewa. Hiyo inatupendeza, juu unyevu hapa hatukosi. Lakini ni kazi ya maabara, na utando ule haukamate radi.

Jumamosi tunaomba komite iandike maswali mawili katika karatasi ya kura: mlingoti, au paratoneri ya bweni la wavulana kwanza na lile la wasichana baadaye. Fundi aliyefunga mabati ya kanisa amekubali kuja Ijumaa kupima urefu wa paa bila malipo, na anahitaji vijana wanne wa kushika ngazi. Mwenye mashaka na hesabu zetu apite darasani kwetu baada ya sala ya jioni. Tumeziacha ubaoni, na tumewaomba wa zamu wasizifute.

Wanafunzi wa tano Sayansi