Yatima Abaki na Jina Lake na Kibanja Chake



Ndugu wanafunzi wenzetu, hapa Nyaishozi neno yatima halihitaji kufafanuliwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu tu. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004 vifo vilipungua, alhamdulillah. Lakini ajali na maradhi mengine bado vinaacha watoto, nao wanapokelewa na jamaa bila karatasi yoyote.

Tunawashukuru wanaowapokea. Si jambo dogo kuongeza sahani moja katika nyumba yenye watoto sita na migomba michache. Mtume wetu (S.A.W) naye alizaliwa baba yake ameshafariki, akafiwa na mama yake angali mdogo, akalelewa na babu yake Abdul Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib. Kwa hiyo anayemdharau mwenzake darasani kwa kuwa "analelewa tu" ajiulize anamdharau nani.

Hata hivyo tuna neno la kusema, nalo ni kwamba mtoto anaweza kupata ndizi na maharage kila siku huku anapoteza kilicho chake.

Tuanze na jina. Zayd bin Haritha (R.A) alilelewa na Mtume (S.A.W) hata watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Ndipo Surat Al-Ahzab, aya ya 5, ikaamrisha watoto waitwe kwa baba zao, naye akarudi kuwa bin Haritha. Mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua hata chembe. Uislamu haukukataza kumlea mtoto wa mwingine, umekataza kumfutia nasaba. Mtoto huyo harithi kwa mlezi, ingawa mlezi anaweza kumwachia wasia usiozidi theluthi ya mali yake. Kwa baba yake mzazi anarithi kamili, na binti pia ana fungu lake.

Na hapo ndipo penye kibanja. Baba akifariki anaacha migomba na mibuni. Mlezi anavuna kahawa, anauza, na mtoto hajui hata mpaka wa shamba uko wapi. Akifika miaka ishirini anaambiwa kibanja kilikwisha kwa gharama za kumlea! Surat An-Nisaa, aya ya 6, imeliweka wazi jambo hili: mlezi mwenye uwezo ajizuie na mali ya yatima, aliye maskini ale kwa kadiri ya haki, na yatima akikomaa akabidhiwe mali yake mbele ya mashahidi. Tunasisitiza mashahidi, kwa sababu wengi wanakumbuka sehemu ya kula tu.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake aliyefariki, na inamtaka kila mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe kwa serikali za mitaa. Ndani yake yamo pia malezi ya kambo, yaani mtoto kuwekwa kwa familia kwa utaratibu wa ustawi wa jamii. (Neno kambo halina sifa nzuri majumbani mwetu, lakini utaratibu wenyewe ni mzuri, kwa sababu kuna mtu anayekuja kuuliza mtoto anaishije.) Mwenye shida anaweza kumwendea mwenyekiti wa kijiji au afisa ustawi wa jamii, au kupiga simu ya bure namba 116.

Sisi wanafunzi hatuna kahawa wala mashamba ya kugawa. Tunaweza kuchangia daftari na sare, maana ada imeondolewa lakini daftari halijaondolewa. Mwenzetu asiyefika madrasa kwa kuwa anachunga mbuzi wa nyumba nzima, tumtaje kwa ustadhi.

Kwa walimu wetu tuna ombi moja. Katika rejista wako wenzetu walioandikwa kwa majina ya walezi wao mahali pa baba. Tunaomba majina hayo yarekebishwe kabla ya kuanza mwaka mpya wa masomo, na kwa kila yatima iandikwe pembeni kibanja cha baba yake kiko kijiji gani na nani alishuhudia.