Kupiga mchanga: Nani analipia vumbi?

KILA msimu wa mavuno unapokaribia, matela, matangi ya maji, fremu za malori na mitambo ya kusaga nafaka hupelekwa kwa mafundi kutolewa kutu na kupakwa rangi upya. Fundi mwenye kompresa hana haja ya kuhangaika na brashi ya waya na msasa kwa siku mbili. Anajaza mchanga kwenye mtungi, anafungulia upepo, na kabla ya saa sita mchana bati linang'aa kama limetoka kiwandani.

Hatuna ugomvi na kazi yenyewe. Chuma kilichopigwa mchanga vizuri hushika rangi kuliko kilichokwanguliwa kwa mkono, kwa sababu kutu huondoka hadi kwenye vishimo na uso wa chuma hubaki na ukwaru ambao rangi hujishikiza. Kwa mkulima aliyekopa kununua tela, au mfanyabiashara mwenye tangi la kuuzia maji, hiyo ni miaka ya ziada ya kazi kabla ya kununua jingine. Tatizo letu ni bei. Fundi anayetumia mchanga wa mtoni karibu siku zote ndiye mwenye bei ya chini, na sisi wateja tunamkimbilia bila kujiuliza ile nafuu imetoka wapi.

Imetoka kwenye mapafu yake. Mchanga wa mtoni kwa sehemu kubwa una madini ya silika. Punje inayogonga chuma kwa kasi kubwa hupasuka, na inapopasuka hutoa vumbi laini sana. Wingu jeupe linaloonekana si ndilo baya zaidi. Linaloua ni lile lisiloonekana, la chembe zilizo chini ya mikroni 10, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe hizo hupita kwenye leso au kitambaa alichojifunga fundi puani, zikashuka hadi chini kabisa ya mapafu na kukaa humo. Mwili hauwezi kuzitoa. Unachoweza ni kujaribu kuzizungushia makovu, na makovu hayo yakizidi mtu hukosa nafasi ya kuvutia hewa.

Ugonjwa huo huitwa silikosisi na hauna dawa ya kuuponya. Kwa wanaovuta vumbi kidogo kidogo huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, lakini kwa anayepiga mchanga bila kinga unaweza kuja katika miaka michache tu, na vumbi likiwa jingi sana, hata miezi. Aliyeharibika mapafu kwa silika huwa rahisi zaidi kushikwa na kifua kikuu, na dalili zenyewe zinafanana: kikohozi, kukonda, kuchoka. Fundi anaweza kumaliza dawa za TB akarudi zahanati akiwa vilevile, na kama hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani, hakuna atakayejua. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka silika ya aina hii katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Wala si jambo jipya. Uingereza ilipiga marufuku matumizi ya mchanga wenye silika katika kazi hii ya viwandani kwa kanuni za mwaka 1949. Marekani, taasisi ya serikali inayochunguza afya kazini ilipendekeza mwaka 1974 kwamba mchanga wa aina hiyo usitumike tena.

Mfano unaotugusa zaidi sisi wafanyabiashara wadogo ni wa Uturuki. Suruali za jinzi zilizopauka mapajani, zile zinazogombewa kwenye vibanda vya mitumba, nyingi zilipaushwa kwa kupigwa mchanga. Nchini Uturuki kazi hiyo ilifanyika kwenye vyumba vidogo visivyo na madirisha, na waliofanya ni vijana, wengine wakiwa bado watoto. Miaka ya 2000 madaktari wa huko walianza kupokea vijana wa umri wa miaka 20 na kidogo wenye mapafu ya wachimba migodi wazee. Walipokufa wa kutosha, ndipo Wizara ya Afya ilipopiga marufuku mwezi Machi 2009. Tunaamini si lazima sisi tuhesabu maiti kwanza.

Hapa nyumbani sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake na kuwapa vifaa vya kinga, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ndio wenye jukumu la kusimamia. Tangu mwaka 2015 upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaolipa aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Lakini Mfuko huo unamlinda mfanyakazi ambaye mwajiri wake anatambulika. Kijana anayelipwa kwa siku, asiye na mkataba wala jina lake kwenye daftari lolote, atauguzwa na nani? Atarudi kijijini, na huko watakaouza mbuzi na kisha shamba kumpeleka hospitali ni wazazi wake. Kwa lugha yetu ya uchumi, gharama haikufutika. Imehamishwa kutoka kwenye stakabadhi ya tela kwenda kwa kaya ya mkulima mwingine.

Vumbi si hatari pekee. Kompresa ya kazi hii husukuma upepo wa PSI 100 hivi, wakati tairi la gari dogo huhitaji PSI 30 hivi tu. Mchanga unaotoka kwa nguvu hiyo huchana ngozi na kutoboa jicho kwa nukta moja. Ndiyo maana bomba la kupigia linatakiwa liwe na kishikio kinachofunga upepo chenyewe pale mkono unapokiachia. Mafundi wengine hukifunga kwa waya ili kisiwachoshe vidole. Siku fundi akiteleza, mpira utacheza kama nyoka na hakuna atakayeusogelea kuuzima. Viungio vya mpira vifungwe kwa pini na mnyororo wa usalama. Mtungi wa gesi uliochomelewa upya nao si chombo cha kuwekea mchanga na upepo wa nguvu hiyo. Ukipasuka ni bomu.

Kuhusu pumzi yenyewe, kinga inayofaa ni kofia inayofunika kichwa chote na kuletewa hewa safi kwa mpira wake. Hewa hiyo ikitoka kwenye kompresa ileile bila chujio maalumu, au kompresa ikiwekwa jirani na moshi wa jenereta, fundi atavuta hewa ya sumu akiwa ndani ya kofia aliyodhani inamwokoa. Anayebeba mchanga na anayefagia nao wanahitaji kinga, kwa sababu vumbi halibagui cheo. Kufagia kukavu ni kulipandisha tena. Mwaga maji kwanza. Nguo za kazi zibaki kazini. Mama anayezikung'uta uani huku amebeba mtoto mgongoni anavuta vumbi lilelile. Na kama rangi ya zamani kwenye tela ilikuwa na risasi, kuku wanaodonoa jirani na gereji wanakula risasi hiyo, na mayai yao tunakula sisi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo hoja zote za usalama hukwama. Badala ya mchanga zipo chembe za chuma, zinazogonga bila kupasuka ovyo na zinazoweza kuzolewa, kuchekechwa na kutumika tena mara nyingi zikitunzwa pakavu. Mchanga hutumika mara moja ukawa unga. Tuchukue bei za mfano tu, kila mtu aweke za kwake. Tuseme tela moja hula mchanga wa shilingi 30,000. Matela 50 ni shilingi 1,500,000. Tuseme chembe za chuma za kuanzia ni shilingi 900,000, na kila tela zinapotea za shilingi 8,000. Kwa matela 50 jumla ni 1,300,000. Ongeza 300,000 za sakafu ya saruji na maturubai ya kuzungushia ili zisitawanyike, unapata 1,600,000. Tofauti ni laki moja kwa matela 50, yaani shilingi 2,000 kwa tela.

Kwa mfano huo, kinachomshinda fundi ni ile milioni moja na ushee anayotakiwa kuitoa siku ya kwanza, wala si gharama ya kila kazi. Mkulima analijua tatizo hili vizuri, ndilo lililomfanya akodi trekta badala ya kununua. Na suluhisho linafanana: mafundi watano wa eneo moja wachange kupitia SACCOS yao, wajenge banda moja lililofungwa, wapeane zamu. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lingefanya jambo la maana kama lingeweka katika kila mkoa angalau kabati moja la kupigia vifaa vidogo, lile ambalo fundi huingiza mikono tu kwenye glavu na vumbi likabaki ndani, akalikodi kwa saa.

Zipo pia kazi ambazo hazihitaji kupigwa chochote. Plau la ng'ombe likishaanza kulima, udongo wenyewe utaling'arisha. Kulipeleka kwenye kompresa ni kutupa fedha. Jembe, koleo na mnyororo vinatosheka kwa brashi ya waya, tena iliyoloweshwa. Na kwa kazi laini, kama kutoa rangi kwenye mbao au grisi kwenye injini, nchi nyingine hutumia magunzi ya mahindi yaliyosagwa, yakauzwa kwa mifuko kama bidhaa. Sisi tunayachoma. Hayatoi kutu nzito, na vumbi lake likizidi kwenye chumba kilichofungwa linaweza kulipuka likikutana na cheche, kwa hiyo nalo lina masharti yake. Lakini silika siyo, na mwenye mashine ya kukoboa anayatafutia pa kuyatupa kila jioni.

Tunaitaka Wizara ya Fedha iangalie uwezekano wa kuondoa VAT kwenye chembe za chuma na kofia za hewa, kama ilivyofanya kwa mbolea na matrekta. Tunaitaka Serikali itamke kwa kanuni kwamba mchanga wenye silika ni marufuku kwa kazi hii, na itoe muda wa mafundi kubadilika, mwaka mmoja au miwili, wasije wakafungiwa kwa ghafla na kuhamia vichochoroni ambako hakuna mkaguzi atakayewaona.

Na mteja asisubiri kanuni. Wewe unayepeleka tela, kabla ya kukubaliana bei uliza unapigwa kwa nini, nani atashika bomba, na atavaa nini kichwani. Mwambie fundi aandike gharama ya chembe za chuma kwenye mstari wake, uione, na uwe tayari kuilipa. Ukikuta kijana amejifunga leso, ondoka na tela lako. Fundi aliyepoteza wateja watatu kwa sababu hiyo atanunua kofia haraka kuliko aliyetembelewa na mkaguzi mara moja kwa mwaka.

Kwa upande wake, OSHA ina ofisi za kanda na haiwezi kufika kila gereji kwa siku moja. Ianze na zile zilizo pembezoni mwa masoko ya mazao, ambako vumbi la kompresa linatua kwenye masufuria ya mama lishe na kwenye mahindi yaliyoanikwa.